Kuku Aliyeletewa Wanjala

Baba Nafula wangu,

Simu yako imezimwa tena, kazi yenu inataka hivyo, kwa hiyo nakuandikia. Mvua ya alasiri imepita na Lurambi yote inafuka mvuke. Nimekaa mlangoni pa jikoni. Kuna kuku amefungwa mguu kwenye kiti chako, na nitafika kwake, lakini kwanza niache nizunguke kidogo kule tulikotoka.

Unakumbuka Buyangu? Ulikuwa ukiwatembeza wageni msituni, nami nilikuja na kwaya yetu ya kanisa, viatu vinanibana, nalalamika njia nzima. Ukatusimamisha chini ya miti, ukaweka kidole mdomoni. Mwanga ulikuwa wa kijani, na sote tulionekana kama tumo ndani ya maji. Tulimngoja yule ndege mkubwa wa buluu ambaye kila mtu huja kumwona. Shingo ziliuma. Kisha majani yakatikisika juu, kwaya ikashangilia, na mwenyekiti wetu akakuuliza, "Si ndiye huyo?" Ungesema ndiye, tungerudi nyumbani na furaha. Wewe ukasema, "Hapana, huyo ni tumbili. Ndege leo hajatokea." Wenzangu walinuna. Mimi nilikupenda papo hapo.

Halafu wale wa ofisi ya upelelezi mjini wakasikia una macho makali. Wakakuajiri uwafuate watu kwa niaba ya watu wengine: mume wa fulani, au mfanyakazi aliyesema anaumwa na tajiri wake haamini. Nilifurahi, sikatai. Jioni ulinichekesha na majina yako ya uongo ya kazini, leo fundi wa paa, kesho mnunuzi wa ng'ombe. Nilikuomba uniigizie, nami nikijifanya mwenye boma anayekukaribisha, tunacheka mpaka Nafula anatushangaa.

Sijui mchezo ule ulihamia kwetu lini. Siku moja ulirudi shati linachuruzika maji, nikakuuliza kama mvua ilikupata njiani, ukasema hapana. Hukuwa na sababu yoyote ya kunidanganya. Ulisema tu, kwa sauti tamu, ukiniangalia machoni. Nilicheka, nikaenda kulianika shati, na huko nje kwenye kamba roho ikaniuma. Tangu hapo ukisema umeshakula, nakukagua. Ukisema unanipenda, nachelewa kuitikia.

Jana alikuja mama mmoja kutoka Matungu, amemkumbatia huyu kuku.

"Hapa ndio kwa Wanjala?"

Nilitaka kumwambia amepotea. Lakini akaeleza ulivyo, pengo lako la jino na kicheko chako. Akasema ulikaa kwake ukimuuliza habari za mwanawe aliyeumia akikata miwa ya tajiri, ukamwambia wewe ni wa ukoo wa marehemu mama yake. Akakuchinjia kuku na kukupa firigisi, ambayo kwetu mpita njia hapewi. Ulipoaga ukamwelekeza nyumba yetu, mpaka rangi ya mlango.

"Jumamosi wanaleta mahari ya msichana wangu," akasema. "Wakiniuliza watu wa upande wa mama wako wapi, nanyamazanga tu. Sasa niko na Wanjala. Mwambie asikose, yeye ndio ataniongelea. Wewe ndio bibi yake?"

Nikasema ndiyo.

Lilitoka laini, Baba Nafula, bila kukwama popote. Nikampokea kuku, nikapika chai, nikaitikia kila alipolitaja jina hilo. Nilisikia raha ya ajabu, kama mtu anayeota anatembea na miguu haigusi chini. Mama alipoondoka ndipo nikaogopa. Nilikuwa nimekaa jikoni mwangu mchana kutwa, mke wa mtu asiyekuwepo.

Nimekukasirikia, na nimejikasirikia. Lakini kuna jambo nalirudia tangu jana: kwa nini ulimwelekeza nyumba? Ungemdanganya na hilo pia, wewe hushindwi. Nafikiri ulichoka. Nafikiri ulipokuwa ukila chakula cha yule mama, ulitamani mtu aje akutafute. Yeye amepata kweli yako moja, nami naona wivu, maana sikumbuki mara ya mwisho uliponipa yangu.

Rudi kabla ya Jumamosi. Twende Matungu pamoja, tumrudishie kuku wake akiwa hai. Umwambie jina lako, nami nikiri kwamba ndiyo yangu ilikuwa ya uongo. Huenda akatufukuza. Huenda akalia, na hilo ndilo ninaloliogopa zaidi. Lakini tukirudi njiani nitakuuliza kitu kidogo, kama unasikia njaa, nawe utanijibu, nami nitakuamini.

Usipokuja, nitaenda peke yangu. Nitamkuta amekutengea kiti mbele ya wakwe zake, anaitazama njia. Nitamwambia kama ulivyotuambia sisi msituni, kwamba yule anayemngoja leo hajatokea.

Mkeo anayekungoja,
Mama Nafula