Kadi Yangu Iko Kihagara

Jumatatu, milimani Mbinga. Manyunyu tangu alfajiri.

Tumsifu Yesu Kristo, wewe unayenisoma. Hujambo? Nyumbani kwako wazima? Mimi mwili hauna neno, namshukuru Mungu. Ila nyumba imekuwa kubwa mno.

Jana baada ya Misa tulipiga kura ya diwani. Niseme kweli: walipiga. Mimi nilirudishwa.

Marehemu mume wangu, Baba Neema, alikuwa Mnyasa wa Kihagara aliyekuja kulima kahawa huku kwetu Umatengoni. Alikuwa na chama chake, nami nina changu. Kila uchaguzi alivaa koti lake la kanisani, akatia kadi zetu zote mbili za kupigia kura mfuko wa ndani, maana alisema mimi ni mtu wa kupoteza vitu. Kisha ananiita kutoka mlangoni: "Mama Neema, twende tukauane."

Yaani kura yake iue yangu, na yangu iue yake. Nilikuwa namwambia basi tubaki tupalilie, hesabu ni ile ile. Hakukubali hata mara moja. Tulikwenda, tukauana, tukarudi tukala.

Safari hii mgombea wangu alikuwa mama wa jumuiya yetu, na nilimtaka kwa moyo wote. Mungu anisamehe, nilipokuwa najifunga kitenge nilifurahi kidogo kwamba kura yangu haina wa kuiua.

Foleni hakuna. Watu wako mashambani, wengine wanasema diwani ni diwani tu. Karani ni kijana niliyemfundisha katekisimu. Akaniamkia vizuri, akaniomba kadi.

Hapo ndipo nilipolikumbuka lile koti.

Kwenye msiba mimi nilikuwa mkekani na wanawake, kama mjane anavyokaa. Ndugu zake ndio waliomwosha, wakamvika koti la kanisani, tukamteremsha Kihagara akalale kwao, karibu na ziwa. Mfukoni hakupapasa mtu.

Jina langu lilikuwamo daftarini, na picha. Kijana akauliza kama nina kitambulisho cha taifa. Nina namba tu, kitambulisho chenyewe sijakipata. Akasema namba haitoshi.

"Mama, mimi nakujua," alisema kwa sauti ndogo. "Lakini hapa siruhusiwi kukujua bila kadi."

Mzee mmoja mlangoni akanitania, eti nishuke Kihagara nikamwamshe mwenye koti. Watu wakacheka. Nami nilicheka, mpaka nilipofika njiani.

Leo wamebandika matokeo. Ameshinda wa chama cha mume wangu, kwa kura chache, na waliojitokeza wenyewe ni wachache. Jirani anasema hata ningepiga, yangu moja isingegeuza kitu. Labda.

Nimewaza kutwa. Kadi zetu ziko pamoja, mfuko mmoja. Yeye hakupiga, nami sikupiga. Hesabu ni ile ile.

Ameniua tena, mume wangu.

Ila safari hii nimerudi peke yangu, na sikujua kwamba ile njia ni ndefu hivi.

Wakifungua uandikishaji nitaomba kadi nyingine, na hiyo nitaitunza mwenyewe. Na wewe, kadi yako anakutunzia nani? Niandikie, tafadhali, usikawie. Jioni huku ni kimya sana.