Mstari Mmoja Baina ya Mzee Twaha na Bi Zena

Alhamisi, kabla ya Adhuhuri. Fukuto. Mvua imenyesha robo saa tu, ikanilowesha nguo kambani, kisha ikaondoka zake na kutuachia joto lile lile.

Sijui nianzie wapi. Programu yangu inafanya kazi sawasawa tangu jana jioni, na mimi ndiyo kwanza nakosa raha.

Mnaoisoma shajara yangu hii mtandaoni mwaijua Mbiu, ile programu ya simu niliyoutengenezea mtaa wetu wa Kibokoni. Kipaza sauti cha msikiti kiliungua, kamati ikawa haina la kufanya, nikasema mie nitawasaidia. Kazi yake ni ndogo. Katibu wa msikiti, Maalim Badi, anaandika tangazo kwenye simu yake, nalo linatokea kwenye simu zetu sote: harusi, maulidi, mgonjwa, maziko.

Sasa Maalim Badi huandika vile alivyoandika miaka yote kwenye ubao wa msikiti. Hatii nukta wala mkato. Kila jambo mstari wake, basi. Akitaka kutenga habari mbili, hubonyeza kitufe cha kushuka chini mara nne, mara tano, mpaka tangazo linajaa mapengo. Watu wakaanza kunitania, eti Nuru, mbona Mbiu yako ina mapengo kama mtoto wa miaka sita?

Nikaona haya. Jumatatu nikaamua kuyaziba.

Niliandika amri moja fupi: popote penye nafasi tupu zilizofuatana, bakisha moja tu. Nikaijaribu kwa "habari ya asubuhi" niliyoiachia nafasi pana katikati ya maneno, ikatoka safi. Nikajipongeza, nikaipeleka kwenye simu za watu, nikaenda kula.

Nilichosahau ni somo la siku ya kwanza kabisa. Kwa kompyuta, kushuka mstari nako ni nafasi tupu. Ni herufi kama herufi nyingine, ila haionekani kwa macho. Amri yangu haikuziba mapengo peke yake, ilizoa na mistari yote.

Jumanne saa saba na nusu mchana Maalim Badi akatuma hivi:

Tumuombee dua mgonjwa wetu
Mzee Twaha wa Kibokoni

Amefariki
Bi Zena Mbwana
Maziko leo baada ya Alasiri

Sisi tukapokea hivi:

Tumuombee dua mgonjwa wetu Mzee Twaha wa Kibokoni Amefariki Bi Zena Mbwana Maziko leo baada ya Alasiri

Na pale juu ya kioo, panapotokea maneno machache kabla hujaifungua simu, habari ilikatikia kwenye "Amefariki".

Nani angefungua asome mbele? Mimi mwenyewe sikufungua. Kiswahili chetu hakibagui: amefariki Twaha, Twaha amefariki, vyote vyasemwa na vyote vyaeleweka. Mzee wa watu alikuwa mgonjwa, sote twajua. Nilikuwa Ganjoni kwa mteja, nikasema inna lillahi, nikapanda tuktuk nikarudi nyumbani nalia.

Mlangoni kwa Mzee Twaha watu walikuwa wamejaa. Wa nyumbani kwake walikuwa wametoka kumtafutia dawa, na hakuna aliyethubutu kufunua pazia la chumbani. Wanawake ndani wanalia, wanaume nje wanatandika mikeka, mtu ameshatumwa kutafuta sanda. Mara pazia la chumbani likafunguka, akatokea Mzee Twaha na msuli wake kiunoni, mkono mmoja ukutani.

"Mwamlilia nani?" akauliza.

Wallahi mama yangu alikaa chini pale pale alipokuwa. Kilio kikakatika, kikaja kicheko, tena kile cha kushikana mabega. Mtu akaagiza kahawa, halua ikaja. Mzee Twaha akawekewa kiti katikati, akatutazama mmoja mmoja, akasema, "Alhamdulillahi. Walokuja n'mewaona. Na wasokuja pia n'mewajua." Tukacheka upya. Adhana ya Alasiri ikasikika kutoka misikiti mingine, wanaume wakaenda kusali wakarudi, kahawa ikaongezwa.

Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza: basi aliyefariki ni nani?

Nayarudia maneno haya kichwani tangu juzi. Watu wazima zaidi ya hamsini, na mimi mwenye programu, hatukuuliza.

Tulijua baada ya Magharibi, Maalim Badi alipopita na udongo kwenye upindo wa kanzu. Bi Zena aliishi upande wa Ndia Kuu, na alisaliwa msikiti mdogo wa jirani yake. Maalim alikuwa huko tangu Adhuhuri, akishangaa watu wa Kibokoni wako wapi. "Tulikuwa wanane," alisema. "Jeneza hatukulipokezana. Wale wale walolitoa nyumbani ndio walolifikisha." Huku kwetu watu hugombania bega la kuchukulia jeneza, hata mpita njia hushika hatua mbili tatu apate thawabu. Nikafungua simu, nikalisoma tangazo mpaka mwisho, nikaijua kazi ya amri yangu.

Bi Zena ndiye aliyenifundisha alifu. Alikuwa na chuo cha Kurani sebuleni kwake, watoto kumi na tano juu ya mkeka mmoja. Hakuwa mkali wa herufi, alikuwa mkali wa vituo. Ukipita mahali pa kusimama bila kusimama alikugonga goti kwa kijiti chake: "Rudi! Umemchukua huyu ukamtia kwenye habari ya yule." Nilikuwa na miaka saba na sikuelewa kwa nini pumzi yangu imuhusu. Hakubahatika kuzaa. Saida, binti wa nduguye, ndiye aliyelelewa naye, na ndiye aliyemuuguza.

Jana nilishinda mbele ya kompyuta. Ningependa kusema niliirekebisha Mbiu kwa nusu saa, lakini hii ni shajara, si tangazo la biashara. Niliiondoa amri ya Jumatatu, lakini matangazo yaliyokwisha kuhifadhiwa yakabaki yameshikamana. Nikaamua kuyatia mistari kwa mkono. Katika msimbo, mstari mpya huandikwa kwa mkwaju uliolalia nyuma na herufi n. Nikaandika. Kwenye kompyuta yangu mistari ikashuka vizuri. Kwenye simu ya mama ikatokea hivi: Amefariki\nBi Zena Mbwana.

"Huyu Nibi ni nani tena?" mama akauliza.

Nikafuta, nikaandika upya. Nikaongeza mkwaju, ikawa mikwaju miwili mbele ya watu. Nikapunguza, maneno yakashikamana tena. Nilikaa saa nne nzima sielewi kwa nini kitu kile kile kiwe mstari hapa na kiwe takataka pale. Mwisho ndipo nikagundua: njiani, kabla ya kufika kwenye simu, seva, ile kompyuta inayoyasambaza matangazo, ilikuwa inaukinga mkwaju wangu kwa mkwaju mwingine, ikidhani ni maandishi ya kawaida ya kusomwa na mtu. Yenyewe iliona yanihifadhia kitu changu. Nikaielekeza. Mistari ikakaa.

Nilidhani nitafurahi, na sikufurahi.

Leo asubuhi Maalim Badi alikuja. Alipiga hodi, akamsabahi mama, akauliza hali ya kila mtu wa nyumba, akanywa kahawa kikombe cha kwanza na cha pili. Kisha akaitoa simu yake akaiweka mezani mbele yangu.

"Mwanangu Nuru," akasema, "kazi hii tafutieni mtu mwengine. Vidole vyangu vimezeeka. N'lifinya sipo, n'kamfisha alo hai, na alokufa n'kamzika na watu wanane."

Mtaa mzima wasema hivyo hivyo. Sokoni, barazani, hata mama jana alisema maskini Maalim, simu si mambo yake.

Nami nilikuwa mbele yake, kinywa ninacho na ulimi ninao. Nikamwambia, "Maalim, yataka moyo tu."

Yataka moyo! Sijui neno hili lilitoka wapi, wala lina maana gani. Aliitikia kwa kichwa, akaacha simu pale mezani, akashuka ngazi akishika ukuta. Bado iko hapa mbele yangu.

Kwa nini sikusema? Kwa sababu kamati ya mtaa wa pili nayo inataka Mbiu? Kwa sababu nilipojitolea, wazee wawili walisema msichana ataweza wapi? Au ni woga tu, wa kawaida, usio na sababu ya kuuremba? Mama ana msemo wake, mficha maradhi kifo humuumbua. Hapa kifo kimeshakuja, tena kimemuumbua mtu mwengine.

Leo ni siku ya tatu. Khitma ya Bi Zena inasomwa baada ya Alasiri. Nikienda nitamkuta Maalim, na nitamkuta Saida. Nisipokwenda je?

*

Nimerudi. Magharibi haijaingia. Naandika na buibui mwilini.

Safari hii watu walijaa mpaka kwenye ngazi. Maalim Badi alikuwa mlangoni anapokea watu, macho chini. Saida alikuwa anatoka na sinia ya mahamri. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, nikaeleza vibaya kabisa, nafasi tupu, amri, seva, mpaka nikajikatiza mwenyewe nikasema: "Maalim hakukosea. Aliandika sawa. Mimi ndiye niliyeiondoa mistari."

Maalim Badi akasema "Lahaula," akakaa kwenye kizingiti na mikono magotini, na sikujua kama amekasirika au amepumua.

Saida ndiye aliyeuliza. "Yaani hawakujua?"

"Hawakujua. Walidhani ni Mzee Twaha."

"Hakuna alojua?"

"Hakuna, Saida."

Machozi yakamtoka na sinia bado mikononi. "Mimi n'lidhani wamejua," akasema. "N'lidhani wamesoma wote, wakaona, kwani Zena ni nani, hana mume, hana mtoto. N'lisikia mpaka kicheko cha huko Kibokoni kimesimuliwa, ati watu wanakunywa kahawa, na shangazi yuko juu ya kitanda chake namuosha mimi na wanawake watatu. Siku mbili hizi watu wamekuja kunipa pole na sikuwapa mkono. Mama yako alikuja jana, Nuru. N'limfungia mlango."

Mama hakuniambia.

Nikasema nisamehe. Nikalisema tena, kwa sababu la kwanza lilitoka dogo.

Akaiweka sinia chini. Akajifuta kwa ncha ya mtandio, akaniuliza, taratibu tu, "Wewe ulijua lini?"

"Juzi. Baada ya Magharibi."

Akahesabu, nikamwona akihesabu. Kisha akasema, "La simu n'mekusamehe. Hizo siku mbili, sijui."

Akachukua sinia yake akaingia ndani kwa wageni.

Nilibaki ukumbini na viatu vya watu. Sikujua niingie au niondoke. Mwisho nikaingia, nikapewa juzuu, nikakaa karibu na mlango nikasoma, na kila nilipoinua macho Saida alikuwa anatazama kwengine.

Kesho nitarudi kwa Saida, afungue asifungue.