Zambarau za marehemu

Jumanne.

Mtu mzima, nina wajukuu, nakaguliwa ulimi getini kama ng'ombe wa mnada.

Zambarau zimeiva hapa Mabamba. Sisi vibarua tunapanda kuzichuma, lakini kula marufuku. Jioni mama mwenye shamba anasimama getini: "Haya, toa ulimi." Ukiwa na rangi, kesho usije.

Mti wenyewe aliupanda marehemu mke wangu. Shamba nililiuza mwenyewe alipolazwa hospitali Kabanga, sikatai. Lakini zamani zikiiva alikuwa anaita watoto wote wa jirani. Wanakula mpaka midomo inakuwa myeusi, na yeye anacheka tu.

Leo nikiwa juu nikamkumbuka. Nikala. Nikala nyingi, zilikuwa tamu kweli.

Getini kibarua mwenzangu Yohana akaninong'oneza, "Mzee, sugua na majani, upesi!" Sikusugua. Nikautoa ulimi wote.

"Hata wewe, mzee?" mama akasema.

"Hata mimi."

Kibarua kimekwisha. Mahindi yaliyobaki nyumbani yatanifikisha Jumapili, baada ya hapo sijui.

Yule mama hajui nani aliupanda mti ule. Sikumwambia.