Taa ya ABS Chini ya Stika

Rukaya, tiki za bluu nimeziona. Unasoma halafu unageuza uso, kama unavyoigeuzia uso taa ya ABS, ile ya breki.

Niko Msimbu. Mimi mzima. Gari lako uliloniazima limo ndani ya muhogo wa watu.

Nimekanyaga breki kwenye tope la mteremkoni, matairi yakajifunga, likateleza lenyewe mpaka shambani. Mzee mwenye shamba akaja taratibu: "Mwanangu, umefuata kununua au kuvuna?" Nikampa shikamoo yake huku nimeng'ang'ania usukani.

Natazama dashibodi, naona stika ya harusi ya rafiki yako Raudha. Nikaibandua. Taa inawaka chini yake. Umeiziba taa kwa stika ya harusi, Rukaya. Ya harusi.

Tangu mwaka juzi nakwambia. Kwenye lami ya Kibaha inazima, ukienda kwa mama yako kule Maneromango inarudi. Ukasema vumbi. Fundi wako wa Mkuza anaizima kwa mashine bila kutafuta ubovu, unamshukuru.

Leo nimeinama mwenyewe. Waya wa sensa ya breki kwenye gurudumu la mbele umekatika, fundi wako kaufunga kwa mpira wa tyubu, kila shimo linauachanisha. Mzee naye kachungulia: "Hivi ndivyo tunavyofunga kuni."

Na kesho unataka kumpakia mama yako humu, mteremko huuhuu? Ufunguo ninao mimi na sikupi. Mpigie fundi aje na waya mpya, na wewe uje naye, muhogo wa mzee utaupanda wewe. Nakuona uko hewani. Piga sasa hivi.