Kadi ya Simu Iliyoisha kwa Sala

Jumamosi, Julai 1997. Manyunyu tangu asubuhi, na hapa mtaani Jericho nguo zimeshinda kwenye kamba bila kukauka. Nina hasira.

Nieleze kwa utaratibu, huenda nikatulia. Binti yetu Nekesa yuko Uingereza, mwezi wa pili sasa, anasomea uuguzi. Mgeni kule hana simu yake. Hununua kadi dukani, akaitia kwenye simu ya kibanda cha barabarani, na papo hapo dakika zinaanza kuyeyuka. Kwa kupiga Kenya, kadi nzima haifiki dakika tano.

Alituandikia kwamba angepiga leo saa sita mchana, kwa jirani yetu Mzee Makokha, mwenye simu pekee katika safu yetu ya nyumba. Jumatatu mama yake anaingia upasuaji. Nekesa hajui. Mke wangu hakuomba lolote ila asikie sauti ya mwanawe kwanza.

Saa tano tulikuwa tumeketi sebuleni kwa Makokha. Saa sita simu ikalia. Akainua yeye, kwani ndiye mwenye nyumba.

"Binti yetu! Huko baridi? Ugali unapata? Na kanisa je, umepata la kusali?"

Nikakohoa. Akaniinulia kidole.

"Wazazi wako hapa, wazima kabisa. Lakini kwanza tumshukuru Mungu. Funga macho, binti."

Akaomba. Aliombea safari yake, walimu wake, malkia wao, hata marubani. Mke wangu alinishika goti, akalifinya.

Nami nilifunga macho.

Mtu mzima, niliyefundisha watoto wa watu miaka thelathini, nikakaa nimeinamisha kichwa huku dakika za mwanangu zikiteketea, kwa sababu kwetu mtu hakatizwi akiwa anaomba. Nikasema na "Amina".

Ndipo akanipa simu.

"Baba? Kadi inaisha, nipe ma—"

Ikakatika.

Makokha akatabasamu. "Mtandao wa huko nao! Lakini amebarikiwa."

Njiani nilimlaani kwa maneno nisiyoweza kuyaandika. Mke wangu akaniambia taratibu, "Baba Nekesa, mwache mzee wa watu. Ile simu ulipopewa, mbona uliiweka kwenye sikio lako?"

Ni kweli. Alikuwa ameketi karibu yangu, mkono ameshaunyoosha.

Hatuwezi kumpigia Nekesa; kibanda hakina namba tunayoijua. Lakini namjua mwanangu. Akipata kadi nyingine, atajaribu tena kesho.

Kesho siendi kanisani. Nitamwomba Makokha atuachie sebule yake yeye akienda, na akiniuliza sababu nitamwambia usoni, anune akitaka. Nitakaa mlangoni, mbali na ile meza. Simu ikilia, atakayeinua ni mama yake.