Nilipowauliza Wachimbaji wa Osiri Wanakula Nini

Migori

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa mkono mmoja, maana ule mwingine bado haujapona vizuri. Goti lako linaendeleaje na hii mvua? Baba bado anakohoa asubuhi? Na huko Nakuru kumetulia, au bado mnalala na viatu miguuni kama wakati wa fujo za uchaguzi?

Mimi niko hai. Natanguliza neno hilo makusudi, kwa sababu najua wifi ameshasikia uvumi kwa watu wa mabasi, na sitaki habari hii ikufikie nusu nusu. Keti kwanza, ndipo usome.

Yule fundi niliyekuwa namshonea alifunga duka. Mitumba imejaa sokoni, nani atashonesha gauni jipya? Nikawaza kupika uji na chapati niwauzie wachimbaji dhahabu wa Osiri. Lakini sikukimbilia kununua sufuria. Wewe mwenyewe, kabla hujaanza mandazi pale landhi, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, ulizunguka kwanza ukaangalia ni nani wanaoingia kazini bila kula. Nikasema na mimi niwaone wateja, niwaulize. Biashara ikisimama nije nimchukue Achieng, asiendelee kulelewa na bibi kana kwamba mamake alikufa.

Osiri ni mashimo kila upande. Wanaume wamejaa vumbi hadi kope, wanavuta magunia ya mawe kwa kamba, na wanawake wamechutama wakiosha udongo kwenye karai. Shimo la kwanza walinipokea kwa kicheko. "Chapati tu, dada? Tuletee na nyama!" Nikaenda shimo la pili na maswali yangu. Mnapenda uji mtamu au mchachu? Mnatoka chini saa ngapi? Mko wangapi? Mnunuzi wa dhahabu huja siku gani, nijue ni lini watu wana pesa ya kula?

Mama, sikujua. Siku chache kabla, majambazi wenye bunduki walikuwa wamevamia shimo hilo hilo, siku hiyo hiyo ya mnunuzi. Walijua saa, walijua idadi ya watu, walijua mahali mzigo ulipofichwa. Walimpiga risasi kijana mmoja akafa papo hapo. Kaka yake, Odoyo, ndiye aliyekuwa amesimama mbele yangu, na mimi nikimwuliza yale yale ambayo jambazi angetaka kujua.

"In nyar kanye?" akasema. Wewe ni binti wa wapi?

Nikamjibu kwa Kiswahili kwamba naitwa Atieno, baba yangu ni wa Karachuonyo ila mimi nimezaliwa Nakuru. Kijaluo changu unakijua, ni cha kuombea chumvi tu.

"Jina ni la kwetu, mdomo si wa kwetu. Nani amekutuma?"

"Hakuna. Nataka kuuza uji."

"Muuza uji ana haja gani na siku ya mnunuzi?"

Mmoja nyuma yangu akapiga kelele, "Askari kanzu!" Mwingine akasema hapana, huyu ni wa majambazi. Hawakukubaliana mimi ni nani, lakini walikubaliana nipigwe. Odoyo ndiye aliyeanza, kwa mpini wa sururu. Niliinua mkono kujikinga, nikasikia mfupa ukikatika kama ukuni mkavu. Nikaanguka. Baada ya hapo sikuhesabu. Kulikuwa na mateke, kulikuwa na mawe, na meno mawili niliyatema pamoja na udongo. Walikuwa wakiniuliza kwa Kijaluo, na kila nikijibu kwa Kiswahili wanaongeza. Nilisikia mtu akitaka tairi. Mwingine akauliza mafuta ya taa yako wapi.

Aliyeniokoa ni mwanamke mmoja mjane anayeosha udongo, anaitwa Mama Risper. Aliwamwagia karai lake la maji machafu usoni, kisha akanilalia juu. Wakampiga na yeye. Hakuondoka.

"Jambazi gani anakuja mchana, peke yake, anauliza kama mnapenda uji mtamu au mchachu?" akawafokea. "Na mkishamchoma, mkijua mmekosea, nani kati yenu atakwenda kwa mamake kumwambia? Wewe? Wewe?"

Odoyo alikuwa ameinua ule mpini, anahema kama ng'ombe wa kulima. Akautupa chini. "Mtoeni hapa," akasema, akatugeuzia mgongo.

Wanawake walinibeba kwa shuka hadi barabarani, nikafikishwa hospitali Migori, nikafungwa plasta. Mama Risper alikuwa akija kunitazama, uso wake umevimba kama wangu, ananichambulia samaki mwiba mmoja mmoja kwa sababu sikuweza kutafuna. Ananiita nyathina, mwanangu.

Nilipoweza kutembea nilirudi Osiri kumshukuru, nikabeba sabuni na sukari. Najua utapiga makofi kwa hasira ukisoma hapa, lakini mtu hupelekewa shukrani anapokaa. Tulikuwa tumekaa naye kando ya maji ndipo tukasikia makelele. Walikuwa wakimkimbiza kijana mmoja wa shimo lao wenyewe, shati limechanika, sikio linavuja damu. Walisema yeye ndiye aliyewaita wale majambazi. Akaja moja kwa moja kwangu, akanishika gauni kwa nyuma, akajificha mgongoni mwangu.

Odoyo alikuwa mbele yao, ana jiwe. Akanitambua. "Toka hapo, mama."

Sitakudanganya kwamba nilikuwa shujaa. Miguu ilikataa kusogea, basi. Lakini mdomo ulifunguka. "Mimi ulinipiga kwa kosa. Huyu una hakika?"

"Amekubali mwenyewe."

"Hata mimi ningekubali," nikamwambia. "Mngenipiga kidogo tu zaidi, ningekubali."

Akanitazama. Mkono wake ukashuka, jiwe likaanguka karibu na mguu wake. Nikadhani yamekwisha. Lakini wengine walishazunguka nyuma, wakamvuta yule kijana. Aliling'ang'ania gauni langu mpaka likapasuka. Walimuulia pale pale kwenye maji ya kuoshea dhahabu, Mama, mbele ya wanawake na watoto walio migongoni. Odoyo alikuwa akiwashika mikono, akilia, "Ngojeni! Ngojeni kwanza!" Aliyeanzisha moto huo alikuwa yeye, na haukumsikia tena. Polisi walikuja, wakachukua maiti, wakaondoka.

Kisha majambazi wakarudi. Yule kijana alikuwa ameshazikwa, na bado walijua saa, walijua siku, walijua kila kitu.

Odoyo mwenyewe ndiye aliyeniletea habari hiyo. Alisimama mlangoni pangu, kofia mkononi. "Hakuwa yeye," akasema. Nikampa maji, hakunywa. Akaomba nimsamehe.

"Mimi niko hai, nimekusamehe," nikamwambia. "Huyo mwingine nenda kamwulize mamake."

Alikwenda, Mama. Mama Risper aliniambia alikwenda. Yule mama mzee alimsikiliza hadi mwisho, hakulia wala hakumfukuza, akamwambia achukue jembe amalize shamba ambalo mwanawe aliliacha nusu. Hadi leo Odoyo analima huko, na shimoni hajarudi.

Osiri sitafanya biashara. Juzi nilikwenda soko la Ndhiwa kuangalia watu. Nilikaa tangu asubuhi, ulimi umekauka, nawaona wauza mtama wanavyofika na mizigo kichwani bila kitu tumboni, na kuuliza siwezi. Kila nikitaka kufungua mdomo mkono unaniuma. Mwishowe mwanamke mmoja, muuza mtama, akanikodolea macho. "Wewe, tangu asubuhi unatutazama. Nani amekutuma?"

Nikatazama nyuma yangu, njia ya kukimbilia iko wapi. Kisha nikamwambia ukweli: nataka kupika uji, lakini naogopa kuwauliza kama mtanunua.

Akacheka hadi akashika kiuno, akawaita wenzake. "Njooni, kuna mtu hapa anataka kujua kama tuna njaa!" Wakaja wote. Wakaanza kusema kwa pamoja, uji wa wimbi, usiwe mwepesi, uwe moto, ufike kabla ya jua. Nilikuwa nikilia na wao hawajui ni kwa nini.

Kwa hiyo Achieng akae nawe kidogo, hadi uji wa Ndhiwa usimame. Mwambie mamake anamtafutia pahali ambapo mtu akiuliza swali hapigwi.

Nisalimie Baba, umwambie meno yaliyotoka ni ya pembeni. Msalimie kaka na wifi, shangazi wa kanisani, na Mama Wanza jirani aliyekupa maji siku bomba lilipokatika. Mbusu Achieng shingoni, hapo anapocheka.

Ni mimi binti yako, ninayekupenda na ambaye ukimwona leo utamtambua kwa sauti kwanza,

Atieno