Mashine Iliyopewa Jina Lako

Bi Mkubwa,

Salamu zangu zikufikie huko uliko, ingawa nakuandikia nimenuna. Hata kufa hukuniachia nafasi!

Ulipotutoka nililia, Mungu shahidi. Lakini nilipofuta machozi nikajiambia: Zena, sasa zamu yako. Miaka yote wewe ndiye uliyeshika kamba ya kwanza ya kupandia kwenye shamba la mpunga la kijiji, huku bondeni Ruvu, sisi wanawake tukikufuata kinyumenyume, tumeinama tukipandikiza miche, na mume wetu akipita juu ya tuta anasema, "Tazameni mistari ya Mwanaidi." Ya mke mdogo hakuiona.

Basi wapi! Vijana wamekimbilia Dar, wa kuinama tumebaki sita, na viuno vyenyewe vimekwisha. Tukaletewa mashine ya kupandikiza mpunga. Kaiendesha nani? Mume wetu. Kaipa jina gani? Mwanaidi! Anaipangusa tope kwa shuka yake. Mimi hata mgongo hajawahi kunisugua.

Kitalu cha miche nikaachiwa mimi, kwa kuwa nilifundishwa na wewe. Sikia sasa, hili sijamwambia mtu. Miche ya mashine huoteshwa kwenye trei, na hutakiwa ingali mifupi, vidole vinne tu. Nikaiacha kusudi ikapita shubiri, kama ile yetu ya kupanda kwa mkono. Wakiniuliza, nasema bado michanga. Siku ya kupanda mashine ikaivunjavunja, majaruba mawili ya shamba yakabaki matupu, na mkutanoni mume wetu akaambiwa mbele ya watu kwamba kazi imemshinda. Alirudi akakaa kwenye kigoda chako akasema, "Mwanaidi angejua kosa liko wapi."

Wivu mbaya, mwenzangu. Nilitaka kuiaibisha mashine, nikamwaibisha yeye.

Mwaka huu miche nimeitoa kwa wakati. Mistari imenyooka, wee! Kijiji kizima jina lako tu, roho inaniuma mpaka leo. Lakini mashine haiwezi kugeuka pembeni; katika kila jaruba inaacha pembe wazi, bila miche. Nikaziingia mwenyewe, na kamba yako, kinyumenyume. Nilipofika kwenye tuta nikageuka upesi kutazama umefika wapi, kama umenishinda tena. Hapakuwa na mtu. Nikakaa palepale topeni, nikalia kuliko siku ya mazishi.

Nani tena nimwonee wivu, Bi Mkubwa? Chuma?

Pumzika. Trei za mashine yako sitazichelewesha tena, naahidi. Mashine chukua, na jina chukua. Pembe niachie mimi. Na leo mume wetu akirudi kutoka shambani nitamwambia kosa lilikuwa wapi. Najua anakuota. Nakuomba jambo moja tu, usinitangulie huko ndotoni: hili niache nimwambie mimi.

Mke mwenzako,
Zena